Ruta ya Ishara: Maswali Yenu Kuhusu Mipangilio ya Mfumo Mzima

Barua za wiki hii karibu zote zimetoka kwa wanaolinda ruta za jumbe za ishara, mashine zinazopokea ombi la simu yako la kuingia mtandaoni na kulipeleka kwa seva inayojua laini hiyo ni ya nani na ina salio gani. Wengi wanauliza juu ya ukurasa mmoja tu, ule wa mipangilio inayogusa ruta nzima na wala si muunganisho mmoja mmoja. Nimejibu kwa kufuata itifaki ya Diameter, yaani kanuni za mazungumzo ya mitambo, maana ndiyo inayobeba ishara za 4G, isipokuwa swali moja la SS7, itifaki ya zamani iliyoitangulia.

Nimekabidhiwa ruta mpya. Muda wa kusubiri jibu umewekwa sekunde 10 kwa mfumo mzima. Mwenzangu anasema ukisubiri sana hupotezi ujumbe. Ni kweli? (Fundi wa zamu, Mombasa Road)

Si kweli, ndugu yangu, na hapa naomba tukae kidogo kwa sababu ruta nyingi huumia hapa.

Anza na anayeuliza. MME, mtambo unaopokea simu zinazojiandikisha kwenye 4G, una saa yake. Tuseme unasubiri sekunde 6 kisha unakata tamaa. Ruta yako ikiendelea kusubiri hadi ya 10, zile sekunde 4 za mwisho unamwekea nafasi mtu aliyekwisha kutoka foleni. Jibu likija sekunde ya 8 halina wa kulipokea. Na MME haukai kimya. Huenda ukatuma ombi jipya, na seva iliyokuwa imeelemewa ikaletewa kazi ileile mara ya pili.

Saa hizi zinatakiwa kuingiana kama sufuria zinavyopangwa dukani, ndogo ndani ya kubwa. Chukua muda wa ruta, zidisha kwa idadi ya majaribio yote, na jumla iwe chini ya muda wa anayeuliza. Kwa MME wetu wa sekunde 6, ruta ikisubiri 2.5 na kuruhusiwa jaribio moja zaidi kwa seva nyingine, inakuwa 5. Sekunde moja inabaki ya jibu kurudi njiani.

Sasa angalia meza ya maombi yanayosubiri. Ruta ikipokea maombi 2,000 kwa sekunde na seva ikajibu ndani ya sekunde 0.2, mezani kuna maombi 400 wakati wowote. Seva ikinyamaza ghafla na muda wako ni 10, meza inaelekea maombi 20,000. Ukomo wake ukiwa 10,000, sekunde ya 5 imejaa. Ikishajaa, hata maombi ya seva nzima, isiyo na tatizo lolote, yanakataliwa mlangoni. Kwa 2.5 ungefika 5,000, ukabaki na nusu ya meza.

Usinakili tarakimu zangu. Muulize mwenye kila mtambo saa yake inasoma ngapi. Kwenye malipo, kwa mfano, RFC 4006 ya mwaka 2005 (RFC ni nyaraka za viwango vya intaneti) ilipendekeza anayeomba salio asubiri sekunde 10, hivyo huko unaweza kuweka 4 na jaribio moja la ziada, ukafika 8. Muda mmoja kwa wote utamkosea mmojawapo.

Kwa hiyo nifute thamani ya mfumo mzima, kila muunganisho uwe na wake? (Huyohuyo, baadaye)

Hapana. Thamani ya jumla ndiyo inayomlinda yule uliyemsahau. Iwekee wengi wa hapa nyumbani, kisha andika tofauti chache zenye sababu. Tofauti ya kwanza ni wageni. Mtalii anayewasha simu Maasai Mara na laini ya Ulaya, ombi lake linapita kwenye ruta ya Nairobi, linashuka Mombasa, linaingia kebo ya baharini hadi seva ya kwao, na huko hupita mikono mingine kabla ya kurudi. Kwenda na kurudi tu ni zaidi ya milisekunde 100, bila kuhesabu kazi ya seva. Njia hiyo ipe muda wake. Lakini ukifikisha tofauti thelathini, ujue thamani yako ya jumla ndiyo mbovu.

Ruta ikikosa njia ya kupeleka ombi, mfumo unaniruhusu kuchagua namba ya kosa la kurudisha. Je, namba hiyo ina maana yoyote kwa mteja? (Dada wa mitambo, Upper Hill)

Ina maana kubwa, dada. Asante kwa kuuliza, maana kisanduku hiki kidogo kinaweza kuzima simu za watu waliolala.

Namba ya kawaida ya kukosa njia ni 3002, yaani ujumbe haukuweza kufikishwa. Ni kosa la mtandao. Lakini kwenye S6a, mazungumzo ya MME na seva ya wateja, kuna 5001 ya 3GPP, shirika la viwango vya simu za mkononi, inayosema mtumiaji huyu hajulikani. MME ukiipokea hiyo, unaiambia simu kwa sababu namba 8 kwamba hairuhusiwi huduma yoyote, na simu inaihesabu laini kuwa batili. Simu nyingi hazijaribu tena mpaka uzizime na kuziwasha, au uchomoe laini na kuirudisha.

Nililiona hili kwa macho yangu. Njia moja iliondolewa dakika kumi kwa ajili ya matengenezo, na kwenye mipangilio ya ruta mtu alikuwa ameweka 5001 zamani, labda akidhani namba ni namba. Njia ikarudi. Grafu ya simu zinazojiandikisha haikurudi. Tulikagua kebo, tukakagua seva, kote kuzima. Simu yangu mwenyewe ilikuwa mezani, juu ya skrini imeandika hakuna huduma. Nikaizima, nikaiwasha, mistari ikajaa. Hapo nikaelewa kwamba mtandao ulikuwa mzima kwa zaidi ya saa moja na simu zilikuwa zimeamini maneno tuliyoziambia. Kati ya waliokatika palikuwa na watu waliokuwa wakisubiri simu kutoka wodini.

Kuna mtego mwingine hapohapo: 5001 ya Diameter ya msingi ina maana tofauti kabisa, kwamba ujumbe una sehemu isiyotambulika. Tarakimu ni zilezile, kinachozitofautisha ni sehemu ya ujumbe zilimobebwa. Kwa hiyo acha 3002. Na ukitaka anayeuliza ajaribu mlango mwingine kwa sababu umeelemewa, 3004 ndiyo inayosema nina kazi nyingi.

Muunganisho ukikatika kimyakimya, ruta yetu huchukua takriban dakika nzima kugundua. Naweza kuharakisha? (Msomaji, Embakasi)

Dakika hiyo inatoka kwenye RFC 3539. Muunganisho ukikaa kimya sekunde 30, ruta inatuma ujumbe wa kuuliza "upo?", kisha inasubiri sekunde 30 nyingine ndipo iushuku na kuhamisha maombi. Jumla 60. Zikipita 30 zaidi bila neno, inaufunga.

Unaweza kupunguza, ila waraka huohuo unakataza kushuka chini ya 6. Ukiweka 6, utashuku baada ya sekunde 12 hivi. Ndani ya jengo moja hilo ni sawa. Kwenye njia ya kebo ya baharini ningekaa kwenye 15 au zaidi, maana muunganisho ulioshukiwa kimakosa unahamisha mzigo wake wote kwa mwenzake. Usizime pia ule mtikisiko wa sekunde 2 huku na huku unaoongezwa kwenye saa hiyo. Unazuia miunganisho yote kuulizana kwa mpigo mmoja.

Mzigo ukizidi, ruta itupe ujumbe upi kwanza? Sisi tumeacha itupe wowote. (Msimamizi, Westlands)

Mkuu, badilisha hilo kabla ya giza lijalo. Kumbuka Agosti 25, 2023, umeme ulipopotea karibu nchi nzima. Minara ina betri, lakini betri huisha. Umeme ukirudi mtaani, kila simu ya mtaa huo inaomba kujiandikisha kwa pamoja, kuanzia kioski hadi ghorofa ya ishirini. Ukitupa kiholela, simu iliyofika hatua ya tatu ya usajili inatupwa na kuanza upya hatua ya kwanza, na kazi yote iliyofanyika imepotea.

Mimi hupanga hivi. Majibu hayatupwi kabla ya maombi, kwa sababu jibu limekwisha kugharimu kazi ya seva na kulitupa ni kulialika ombi lirudi. Maombi ya kufunga kikao yanapita kabla ya yale ya kufungua, kwa kuwa kufunga kunaachia nafasi. Yanayoendeleza kikao kilicho wazi yako katikati. Wa kutupwa kwanza ni yule anayebisha hodi sasa hivi kutaka kikao kipya, naye aambiwe 3004 waziwazi. Ukimtupa kimya, atasubiri hadi saa yake iishe kisha arudi.

Kama mitambo yako inaelewa RFC 7944 ya mwaka 2016, kila ujumbe unaweza kubeba daraja kuanzia 0, la juu kabisa, hadi 15. Usiobeba kitu huhesabiwa 10. Hakikisha tu daraja lililoandikwa na mtandao wa nje haliaminiwi mlangoni, la sivyo kila jirani atajiita 0.

Ujumbe mmoja ulizunguka kati ya ruta zetu mbili mpaka tukaikata njia. Kuna kinga? (Mwanafunzi wa mafunzo kazini, Juja)

Ipo. Kila ruta inayopeleka ombi mbele huandika ndani yake jina la aliyemletea. Ruta ikikuta jina lake mwenyewe kwenye orodha hiyo, inarudisha 3005, mzunguko umegunduliwa. Angalia kama kuna mpangilio wa kuficha ramani ya mtandao unaofuta orodha hiyo. Ukiwashwa kwa mfumo mzima badala ya kwenye mpaka wa nje peke yake, unakuwa umeifuta kinga kwa mkono wako.

Bado tuna ruta za SS7 zinazobeba SMS na USSD. Kengele ya mzigo inalia ikifika asilimia 80. Inatosha? (Fundi mkongwe, Industrial Area)

Haitoshi, mzee wangu, nawe nadhani unaijua sheria ya zamani: viungo, yaani njia za ishara za ruta, hupangwa kubeba asilimia 40 ya uwezo wake. Ruta zinafanya kazi mbilimbili. Moja ikianguka, aliyebaki anabeba 40 yake na 40 ya mwenzake. Kengele ya 80 kwa kila moja inakuja wakati jozi nzima imebeba 160 na hakuna wa kumwegemea. Kengele ya kwanza iwe 40.

Kumbukumbu za ruta na za seva hazilingani saa. Nitumie saa ya Nairobi au ya UTC? (Msomaji, Donholm)

UTC, saa ya dunia iliyo nyuma ya Nairobi kwa saa tatu, kwa mashine zote, na zote zichukue saa kutoka seva zilezile za NTP, zinazogawa saa sahihi mtandaoni. Kisha zoeza timu yako kutafsiri. Mteja anapopiga kusema alikatika "saa nane usiku", anamaanisha 02:00 ya Nairobi, nayo kwenye kumbukumbu ni 23:00 ya tarehe iliyotangulia. Nimewahi kumwona kijana hodari akipekua faili ya siku isiyo yake hadi alfajiri. Bandikeni jedwali la saa hizo tatu ukutani.

Mkubwa wangu ameniagiza nibadilishe muda wa kusubiri leo saa tano asubuhi, mtandao ukiwa na watu. Nimwambieje? (Anaomba asitajwe, Nairobi)

Mwambie kwa heshima kwamba ukurasa huu hauna mteja mmoja. Ukibonyeza hifadhi, umegusa wote. Usimkatalie bila kumpa njia. Mwambie: "Mkuu, naomba tuifanye usiku wa leo saa nane, kwenye ruta moja ya jozi." Kisha mpe karatasi yenye mistari minne: thamani ya sasa, thamani mpya, hesabu inayoonyesha kwa nini, na kipimo kitakachokufanya urudishe ya zamani bila kumpigia mtu simu. Mkubwa mwenye karatasi mkononi hukubali kuliko anayesikia tu kwamba ni hatari.

Soma pia kitabu cha ruta yako ujue thamani hiyo inaanza kazi lini. Baadhi ya mipangilio huingia papo hapo, mingine husubiri muunganisho uanzishwe upya. Ukibadilisha usiku, uone kimya, ukaenda nyumbani, huenda ikaanza siku tatu baadaye muunganisho ukikatika, na zamu ya siku hiyo haitajua uligusa nini. Kwa hiyo funga kisha ufungue tena muunganisho mmoja usio na mzigo ukiwa bado hapo, uone thamani mpya ikifanya kazi. Ruta ya pili usiiguse mpaka ya kwanza ipite asubuhi nzima, tangu saa kumi na mbili watu wanapoanza kupanda matatu hadi saa nne. Na thamani ya zamani iandike kwa kalamu kwenye daftari la zamu. Mtandao ukianguka, faili uliyoihifadhi ndani ya mfumo huenda isifunguke.