Kuvuka Milima ya Ngong kwa miguu: maua, upepo na viatu vya mitumba

Kutoka geti la KFS (Huduma ya Misitu ya Kenya) juu ya mji wa Ngong hadi Kona Baridi kwenye barabara ya Magadi ni kama kilomita 12. Kwa mguu wa mjini, uliozoea lifti na matatu, weka saa tano pamoja na kupumzika. Kilele kirefu kuliko vyote, Lamwia, kina mita 2,460. Kwa kuwa Nairobi yenyewe iko kwenye mita 1,700 hivi, pumzi haikatiki sana. Kinachochosha ni mpangilio wa vilele: unapanda, unateremka, unaanza tena, na watu huhesabu saba. Wanaotimua mbio kwenye viwili vya kwanza utawakuta kwenye cha nne wamekaa nyasini wakiulizana kama kuna bodaboda. Hakuna.

Ukifuata maua, nenda wiki tatu au nne baada ya mvua kushika. Kwa mvua za vuli hiyo ni Novemba hadi Desemba. Mvua za masika nazo huleta maua kwa wingi, lakini Aprili njia huwa matope, na kuanzia Juni hadi Agosti ukungu unaweza kukaa mgongoni mwa milima hadi saa tano asubuhi, usione bonde wala kilele kinachofuata. Februari nyasi zimekauka, mandhari ni safi hadi mbali, ila maua ni machache.

Usiyatafute kwenye njia yenyewe. Ng'ombe na mbuzi huchungwa huko juu, na kilicho laini huliwa mapema. Angalia kwenye nyufa za mawe, kwenye miteremko mikali na kandokando ya vichaka upande wa magharibi. Mmea wa kwanza kuujua ni ule mrefu wa kufika kifuani, wenye maua ya rangi ya machungwa yaliyojipanga kwa duara kuzunguka shina, duara juu ya duara kama bangili. Ukisimama kimya hatua tano kutoka hapo kwa dakika mbili tatu, kuna uwezekano mkubwa ndege chozi atakuja, atashika shina na kuchovya mdomo wake uliopinda kwenye ua moja baada ya jingine. Chini zaidi, karibu na Kona Baridi ambako ni pakavu, kuna mishubiri na leleshwa. Leleshwa utaitambua kwa majani ya kijivu. Sugua jani moja kati ya vidole, harufu yake ni kama ya kafuri.

Kwa anayetaka maua ya msituni, msitu wa Karura ulio ndani ya Nairobi ndiyo mahali, na ni mazoezi mazuri kabla ya Ngong. Msitu ule una hekta 1,041, njia zake zina vibao vyenye namba kwenye makutano, na kilomita 10 zinapatikana bila kurudia njia. Mvua za Machi na Aprili zikianza, kwenye kivuli hutokea ua jekundu la duara, kubwa kama ngumi au zaidi, lililojaa nyuzi kama brashi. Linatoka kwenye kitunguu chenye sumu, kwa hiyo mtoto asichimbe wala kulamba vidole. Ukimaliza hizo 10 na magoti hayalalamiki kesho yake, uko tayari kwa Ngong.

Sasa viatu, kwa sababu hapa ndipo safari nyingi zinapoharibikia. Buti nzuri za mlimani zinapatikana kwenye masoko ya mitumba ya Gikomba na Toi kwa bei ya chini kuliko dukani, na ngozi yake huwa imara kabisa. Shida iko katikati. Kati ya ngozi na soli ngumu ya chini kuna tabaka la sponji, na sponji hiyo huoza kwa umri na unyevu hata kama kiatu hakijavaliwa. Kwa macho huoni kitu. Kilomita ya nne, soli inafunguka kama mdomo wa mamba. Kwa hiyo ukiwa sokoni, bonyeza tabaka hilo kwa kucha ya kidole gumba, kisha kunja kiatu mara kumi kwa nguvu. Kikitoa unga, kikionyesha nyufa ndogondogo, au kucha ikiacha shimo lisilorudi, kirudishe hata kama muuzaji ameshuka bei mara tatu. Gundi ya fundi haitasaidia, maana itashika kwenye kitu kinachomomonyoka. Hata kilichofaulu mtihani huo, kivae siku kadhaa mtaani kwanza, na beba vipande viwili vya blada (mpira wa ndani wa tairi), kila kimoja kama mita moja. Soli ikiachia, funga kwa mtindo wa namba nane kupitia kisigino na utafika Kona Baridi.

Jambo la pili la viatu ni kuteremka. Kucha za vidole vikubwa huwa nyeusi kwa sababu mguu unateleza mbele na kugonga ncha ya kiatu maelfu ya mara. Kabla ya mteremko mrefu, legeza kamba, gonga kisigino chini ili mguu urudi nyuma, halafu kaza. Ukifika matundu mawili ya juu, ingiza kila ncha ya kamba kwenye tundu la juu la upande wake huohuo, na uache kitanzi kidogo. Pitisha ncha ya kulia kwenye kitanzi cha kushoto na ya kushoto kwenye cha kulia, vuta, kisha funga kawaida. Kifundo kinashikwa na vidole vinapumua. Kucha nazo zikatwe siku mbili kabla, si asubuhi ya safari.

Maji: lita mbili na nusu kwa kila mtu, tatu ikiwa jua ni kali. Juu hakuna pa kujaza. Yaweke kwenye chupa ya chuma au ile ngumu ya kutumia tena, kwani tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye misitu na hifadhi, na chupa ya maji ya dukani inaweza kuishia getini. Chakula kisiwe kigumu: chapati iliyoviringishiwa mayai, nduma, ndizi, njugu zenye chumvi. Malipo ya kuingia ni kwa simu, basi iwe na chaji.

Matatu ya namba 111 kutoka Nairobi hukufikisha Ngong mjini, na bodaboda hukupandisha hadi getini. Lengo ni kuwa getini saa moja na nusu asubuhi. Omba askari wa KFS awasindikize na mpatane malipo hapohapo. Hadi kwenye mitambo ya upepo kuna watu wengi, lakini baada ya hapo njia ni ya upweke, na wapandaji wamewahi kunyang'anywa simu. Msiende chini ya wanne. Mitambo hiyo, ambayo miwili ya kwanza ilisimikwa mwaka 1993, ni alama nzuri: ukiiacha nyuma, shika mgongo wa mlima kuelekea kusini, Nairobi ikiwa kushoto na Bonde la Ufa kulia.

Upepo huko ni wa kweli, ndiyo maana mitambo iko pale. Kofia isiyo na kamba itaishia bondeni. Na upepo unadanganya: unapoza ngozi, hujisikii ukiungua. Asubuhi jua liko kushoto kwako, kwa hiyo sikio na shingo ya kushoto ndivyo huungua kwanza. Paka mafuta ya jua getini, rudia kila saa mbili. Msimu wa mvua, mawingu meusi yakianza kujipanga, msingoje radi ya kwanza. Ondokeni mgongoni, shukeni upande wenye vichaka vifupi, na mkae mbali na minara na mti uliosimama peke yake.

Mteremko wa mwisho una changarawe inayoviringika. Piga hatua fupi, goti likunjwe kidogo. Kona Baridi kuna matatu za kwenda Kiserian, na hapo nyama choma haikosekani kabla ya kuunganisha ya Rongai.

Ila kabla ya kupanda gari, kagua kupe: ukingo wa soksi, nyuma ya goti, kiunoni chini ya mshipi. Ukimpata, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja taratibu bila kumzungusha. Usimpake mafuta ya taa wala kumchoma.