Choo kuziba kila mara: niliyoyakuta nilipofunguliwa chemba ya nyumba yangu

Ndugu uliyeuliza kama waipsi, yaani vitambaa vyenye unyevu vya kujifutia, zilizoandikwa kwenye pakiti kwamba zinaweza kutupwa chooni ni salama kweli, na kwa nini choo chenu kinarudisha maji ilhali karo, yaani tangi la maji taka la chini ya ardhi, lilinyonywa miezi mitatu tu iliyopita, naomba nikujibu kwa kirefu, kwa sababu jambo hilo limenipata mimi mwenyewe. Nina nyumba Tabata, Dar es Salaam, ambamo familia yangu inaishi pamoja na wapangaji wanne, na katika mwaka mmoja nililipia gari la maji taka mara tatu nikiamini kwamba karo limejaa, kumbe tatizo halikuwa kwenye karo.

Fundi bomba alipofungua chemba ya kwanza (kishimo chenye mfuniko cha kukagulia bomba la maji taka), ile iliyo karibu kabisa na ukuta wa choo, alikuta bomba la inchi nne limezibwa na kitu mfano wa kamba nene ya kijivu. Alipoivuta ilitoka zaidi ya mita moja: waipsi zilizosokotana, nywele zilizonasa humo, taulo mbili za kike zilizovimba, na mafuta yaliyoganda juu ya vyote hivyo. Maji yaliyokuwa yakiturudia chooni yalikuwa yamesimama nyuma ya kizibo hicho.

Karatasi ya chooni hutengenezwa kwa nyuzi fupi ambazo zikilowa huachana, lakini waipsi nyingi zina nyuzi za plastiki, nazo zimekusudiwa kabisa zisichanike zikiwa zimelowa. Usiyaamini maandishi ya kwenye pakiti kabla ya kujaribu mwenyewe: chukua ndoo mbili za maji, tia karatasi ya chooni katika moja na waipsi katika nyingine, koroga, kisha subiri nusu saa. Mimi nilifanya hivyo mbele ya wapangaji wangu. Karatasi ikawa uji, waipsi ikabaki nzima kama ilivyotoka kwenye pakiti. Taulo za kike na pampasi ni mbaya zaidi, kwa kuwa ndani yake mna chembechembe zinazofyonza maji na kugeuka kama jeli, hivyo kitu kilichopita kwenye sinki la choo kikiwa chembamba huvimba kikiwa tayari ndani ya bomba. Hapa kwetu kuna jambo jingine linaloongeza tatizo, nalo ni mgao wa maji. Siku ambazo maji hayatoki tunasukuma choo kwa kopo moja au mawili, na maji hayo hayana nguvu ya kuufikisha mzigo huo kwenye karo, bali huuacha katikati ya njia.

Mafuta ya kupikia nayo yasimwagwe chooni hata yakiwa ya moto, kwa maana yatapoa na kuganda mbele ya safari. Mwaka 2017, chini ya mitaa ya Whitechapel jijini London, palikutwa bonge la mafuta na waipsi lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130, na huo ulikuwa mfereji mkubwa wa jiji; sembuse bomba la inchi nne la nyumba ya kupanga.

Dar es Salaam nyumba nyingi hazijaunganishwa na mtandao wa maji taka, kwa hiyo tunachokitupa chooni kinabaki uani mwetu. Katika karo, uchafu mzito hutuama chini, mafuta huelea juu, na maji ya katikati hutoka kwenda kwenye shimo la kufyonzea, huku bakteria wakiendelea kulimeng'enya lile tope. Plastiki haimeng'enywi; inakaa humo mwaka baada ya mwaka ikipunguza nafasi, na siku gari likija mpira wake huziba. Ndipo huitwa vijana wa kushuka kwa mikono, wale ambao mitaani huitwa vyura. Nimemwona mmoja wao akitoka shimoni na kiganja kilichochanwa na wembe, na tangu siku hiyo sina subira na mtu anayetupa wembe au sindano chooni.

Dawa zilizokwisha muda, hasa za kuua bakteria, pamoja na mafuta ya taa ambayo wengine humwaga ili kuua mbu, zisiingie humo pia, kwani visima vyetu vingi ni vifupi na viko karibu na makaro. Wala usijaribu kuzibua kwa asidi ya betri. Asidi ikikutana na dawa ya klorini ya kusafishia choo hutoa gesi yenye sumu, na choo cha ndani hakina pa kuitolea.

Kosa langu kubwa lilikuwa kuwakataza wapangaji kutupa taulo chooni bila kuwaonyesha mahali pa kuzitupa. Binti anayetumia choo cha pamoja hawezi kupita uani mbele ya watu na taulo iliyotumika mkononi, kwa hiyo ataisukuma na maji, na simlaumu. Mke wangu ndiye aliyeliona hilo. Tuliweka ndani ya choo ndoo yenye kifuniko na mifuko ya karatasi pembeni yake, na tukakubaliana kwamba itatolewa kila asubuhi pamoja na taka nyingine. Miaka miwili imepita na chemba haijaziba.

Kwa hali yako ya sasa, usiite gari kwanza. Fungua chemba zote: ikiwa ya karibu na choo imejaa na ya karibu na karo ni kavu, kizibo kiko kati ya hizo mbili, na fundi mwenye fimbo za kuzibulia atakimaliza kwa muda mfupi. Ikiwa zote zimejaa na karo nalo limefika juu miezi mitatu tu baada ya kunyonywa, chunguza shimo la kufyonzea, na kama ni masika, angalia pia kama maji ya ardhini yamepanda na kuingia humo.