Usibomoe msingi kabla hujauchimbulia: niliyojifunza saiti

Wadogo zangu wahandisi mnaotoka chuo na kuingia saiti mwaka huu, nawasikia na maneno ya hewa ya ukaa na majengo ya kijani, safi sana, ila nikiuliza kaboni ya jengo, yani hewa ya ukaa iliyotoka wakati wa kutengeneza vifaa vyake, iko wapi mnanionyesha sola juu ya paa. Angalia chini ya miguu yako bwana. Simenti ni jiwe la chokaa lililochomwa kwenye joto la kama nyuzi 1,450, na zaidi ya nusu ya kaboni yake haitoki kwenye makaa ya kuchomea, inatoka ndani ya jiwe lenyewe, yani hata ungechomea kwa jua bado ingetoka. Sasa msingi uliopo pale chini kaboni yake ilishatoka zamani, ukiuvunja ukamwaga mwingine umelipa mara mbili.

Kuna kazi moja Dar ndo ilinifundisha. Godauni la zamani la ghorofa moja, juu palikuwa panapangwa magunia ya mchele miaka na miaka, tajiri anataka ofisi za ghorofa mbili. Kila mtu kashasema tubomoe mpaka chini. Mi nikapiga hesabu ya haraka: magunia kimo cha mtu yanazidi tani moja kwa kila mita ya mraba, ofisi unadizaini kwa kama kilo 250 tu, kwaiyo hata ukiongeza slabu nyingine, mzigo unaoshuka kwenye pedi, yani kitako cha zege chini ya kila nguzo, haupishani sana na ule wa zamani. Na udongo ulishakandamizwa na mzigo ule miaka yote, ulishatitia ukatulia, kitu ambacho msingi mpya hauna.

Nikajiona mjanja. Michoro ya zamani ilikuwepo kabatini kwa mwenye jengo, inaonyesha pedi 18, mita 2 kwa 2, unene nusu mita. Nikachimbulia moja, iko vilevile, nikaandika ripoti, akitekti akaendelea kuchora. Kumbe mstari wa nyuma uliongezwa baadaye, pedi 6 zile ni mita 1.2 tu na hazipo kwenye mchoro wowote! Tukazigundua tayari nondo za nguzo zimeshakatwa, kazi ikasimama wiki tatu na maneno niliyoambiwa hapa siyaandiki. Pedi 6 tukazijenga upya, 18 tukazibakiza. Kosa lilikuwa langu, shimo moja sio uchunguzi, ni bahati nasibu.

Hizo 18 ni kyubiki (mita za ujazo) 36 za zege. Weka mifuko 7 kila kyubiki unapata mifuko 252, karibu tani 12 na nusu za simenti, na kila tani ina kama kilo 800 za kaboni, yani tani 10 hivi hazikwenda hewani, hapo sijahesabu nondo, wala tipa za kubeba kifusi kwenye foleni ya Dar. Tajiri ukimwambia kaboni anapiga miayo, mwambie mifuko 252.

Kwaiyo chimba kila mstari wa nguzo, hasa kona na sehemu ambayo rangi ya ukuta au aina ya tofali imebadilika. Toa koa ya zege, yani kipande cha duara kinachokatwa kwa mashine, ukaivunje maabara, nyundo ya kugonga kupima ugumu peke yake inadanganya. Palepale kwenye zege lililovunjwa muda huohuo pulizia fenolfthalini, dawa ya maji ya kupimia zege, ikigeuka pinki zege bado liko hai, isipobadilika rangi mpaka kwenye nondo, tegemea kutu. Huku pwani pima na chumvi, wazee wengine walichota mchanga baharini.

Na yote haya yafanyike KABLA akitekti hajapanga nguzo. Hili watu wanalipuuza sana. Nguzo mpya zikikaa pembeni ya pedi za zamani itabidi uweke mabimu makubwa ya kuhamisha mzigo, na bimu hizo zinaweza kula zege lote uliloliokoa. London kwenye jengo la 1 Triton Square waliongeza ghorofa 3 juu ya jengo la miaka ya 90 badala ya kulibomoa, wakaimarisha nguzo palepale zilipo.

Tangu jengo la Kariakoo lianguke Novemba 2024 na kuua watu zaidi ya 20, mteja ukimtajia msingi wa zamani anashtuka, na ana haki. Namba zikikataa, bomoa, muhuri ni wako na jela utaenda wewe.

Mwisho wa kazi piga picha kila pedi, andika vipimo, weka na majibu ya maabara. Faili la godauni lile liko kwa mwenye jengo, nakala nyingine nimeifunga nailoni nikaiweka chumba cha meinswichi, atakayekuja baada ya miaka 40 asianze kubahatisha kama mimi.