Siagi kwenye paleo: kanuni inakataa, ila itazame sababu yake

Mkuu, umeuliza kama anayekula paleo, yaani mtindo wa kula kama watu wa kale kabla ya kilimo, anaruhusiwa siagi, na naona umeshajibiwa "hapana" na "ndiyo" kwa ukali uleule. Nimekula hivi miaka kadhaa sasa: kwanza bila siagi kabisa, baadaye na samli, na siku hizi na siagi kidogo. Nachangia nilichokiona.

Kwa kanuni kali, siagi imo nje. Tangu watafiti wa Marekani Boyd Eaton na Melvin Konner walipoandika makala yao mwaka 1985 kwenye jarida la New England Journal of Medicine, msingi wa hoja ni kwamba miili yetu bado ni ya mtu aliyewinda na kuokota chakula porini. Loren Cordain, aliyeifanya paleo ijulikane kila mahali kuanzia 2002, naye aliweka maziwa na jamii yake yote kando. Ng'ombe na mbuzi wamefugwa kwa takriban miaka 10,000 tu, na kabla ya hapo hakuna aliyethubutu kumkamua nyati.

Sasa, kama tunafuata tarehe tu, mafuta ya zeituni nayo hayakukamuliwa pangoni, na sijaona mwanapaleo anayeyamwaga. Ndiyo maana mimi huuliza swali jingine: maziwa yanakataliwa kwa kosa gani? Wengi wanaoteswa na maziwa wanateswa na sukari yake, laktosi, au protini yake. Siagi ni mafuta asilimia 80 na zaidi, maji kama 16, na mabaki kidogo ya maziwa. Gramu 100 za siagi hazina hata gramu 2 za laktosi na protini ukizijumlisha. Maziwa ya kawaida kiasi hicho hicho yana karibu gramu 8. Hivi ni vitu viwili tofauti, japo vimetoka kwa ng'ombe mmoja.

Ukitaka kupunguza hata hayo mabaki, pika samli. Chukua siagi isiyo na chumvi, sufuria yenye kitako kizito, moto mdogo. Kwanza inatoa povu jeupe, kisha inaanza kutatarika maana maji yanatoka. Usiondoke jikoni. Kelele ikipungua na povu likaanza kupasuka, inamisha sufuria utazame chini: yale machicha yakishakuwa rangi ya dhahabu na harufu kama ya karanga zinazokaangwa (ambazo nazo paleo inazikataa, basi tu), epua hapo hapo. Ukichelewa kidogo yanaungua na samli yote inakuwa chungu. Chuja kwa kitambaa safi. Faida nyingine ni kwenye kukaanga: siagi huanza kuungua na kutoa moshi kwenye nyuzi 150 hivi kwa sababu ya hayo machicha, samli inavuka 200 bila shida.

Kujua mwili wako unasemaje, acha kila kitu cha maziwa kwa wiki nne, halafu rudisha kimoja kimoja kwa kupishanisha siku chache: samli, siagi, mtindi, maziwa mwisho. Kwangu samli na siagi zilipita kimya. Maziwa hayakupita, tumbo lilijaa gesi kabla ya jioni. Wewe unaweza kupata jibu jingine.

Ninapotofautiana na wenzangu ni pale mtu akishasikia "inaruhusiwa" anaanza kutia siagi hadi kwenye kahawa. Nusu ya siagi kwa uzito ni mafuta yaliyoshiba, yale yanayoganda. Kijiko kikubwa kimoja kina kama gramu 7. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta hayo yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwa anayekula kalori 2,000 hiyo ni gramu 22 hivi. Vijiko vitatu, umemaliza, na nyama hujagusa! Wapo ambao kolesteroli yao ya LDL, ile mbaya kwa moyo, hupanda sana wakila hivi, kwa hiyo pima damu kabla hujaizoea. Mimi naweka kipande kidogo juu ya mboga zilizochemshwa, kupikia natumia zaidi mafuta ya zeituni.

Majarini isikuingie akilini kama njia ya katikati. Hiyo hutengenezwa kiwandani, mara nyingi kwa mafuta ya mbegu, na kwa kanuni za paleo iko mbali kuliko siagi yenyewe.

Na kama una mzio halisi wa maziwa, ule wa kuvimba midomo au kubanwa pumzi, haya niliyosema hayakuhusu. Hata samli iliyochujwa vizuri inaweza kubaki na chembe za protini. Kwako ni mafuta ya nazi, ya zeituni au ya parachichi, na hayo majaribio ya kurudisha usiyafanye nyumbani bila daktari.