Dokta, kabla hujasaini huo mkopo: majibu ya maswali yenu ya hela

Maswali yamejaa na mengi yanauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti, yaani mkopo. Nimechagua machache nijibu, mengine nimeyaacha kwasababu jibu lake liko humu humu.

Nimeajiriwa halmashauri, mshahara wa kwanza umetoka juzi. Afisa wa benki kanifuata mpaka wodini anasema nakopesheka milioni 15 kwa miaka mitano. Nataka ninunue gari, IST, ya kwendea zamu za usiku. Nichukue? (Daktari, Singida)

Usichukue, na twende na hesabu ili uone mwenyewe. Toa slipu yako. Tuseme mshahara wa msingi ni milioni moja na nusu, kama wako ni tofauti badilisha namba. Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu, kwa mkopo uliosomea chuo, inakata asilimia 15, hiyo ni 225,000. PSSSF, mfuko wa pensheni, asilimia 5, 75,000. NHIF, bima ya afya, asilimia 3, 45,000. PAYE, yaani kodi ya mshahara, inakuja 255,500. Mkononi unabaki na 899,500 na hapo chama cha wafanyakazi hakijakata chake.

Sasa utaratibu wa utumishi unataka makato yote yakishatoka ubaki na angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi, kwa mfano wetu ni 500,000. Afisa wa benki anashuka mpaka karibu na hapo ndio anakwambia unakopesheka. Hajauliza kodi ya nyumba ni shilingi ngapi wala mdogo wako anasoma wapi, amepima tu sheria inamruhusu kukata mpaka wapi, kwahiyo lile neno "unakopesheka" usilichukue kama ushauri. Milioni 15 kwa miezi 60, riba asilimia 16 kwa mwaka inayohesabiwa kwenye salio, rejesho ni kama 365,000 kila mwezi na jumla utakuwa umerudisha karibu milioni 21.9. Mkononi inabaki 534,500 na gari halijawekwa mafuta, halijakatiwa bima, halijaenda gereji.

Na hili ndilo linaloniuma zaidi. Ndani ya hiyo miaka mitano utataka kwenda kusoma MMed, yaani udaktari bingwa. Ukienda shule hela ya call, ile ya kuitwa kazini nje ya saa za kawaida, inakatika, pati taimu inakatika, ila rejesho linaendelea kukatwa vile vile. Nawajua madaktari wazuri, wenye matokeo mazuri, wanaahirisha masomo kila mwaka kwasababu ya rejesho la gari ambalo walishaliuza. Mdogo wangu, panga chumba karibu na hospitali, na kila mwezi weka pembeni ile 365,000 kana kwamba benki wameikata. Ukifika mwaka una milioni nne na laki tatu na zaidi na haudaiwi na mtu. Ukishindwa kuiweka hata miezi mitatu basi ujue huo mkopo ungekuumiza.

Deni la Bodi ya Mikopo linanikera kuliona kwenye slipu. Nikope benki nilimalize lote?

Hapana jamani. Tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya deni ilifutwa 2021, na ile adhabu ya asilimia 10 ya kuchelewa nayo ikafutwa mwaka huo huo. Deni lako halizai riba. Utoke kwenye deni lisilo na riba uende kwenye deni la asilimia 16 ili slipu ipendeze? Acha wakate taratibu. Kazi yako ni moja tu, kila mwaka omba taarifa ya deni uhakikishe makato yamefika na salio linashuka, na likiisha wahi barua ya kumaliza deni ili makato yasimame.

Na nyie mlioko hospitali binafsi mnaoniuliza kila wiki kama mnaweza "kukaa kimya" Bodi wasiwaone: mwajiri wako ana wajibu kisheria wa kukukata, na mdogo wako anayeomba mkopo mwaka huu anategemea hela zinazorudishwa. Hilo swali msinitumie tena.

Nina milioni 2, niwekeze wapi?

Swali hili linakuja kila siku na kila siku halina maelezo. Za nini? Unazihitaji lini? Una akiba ya dharura? Kama hauna hata ya miezi mitatu, hizo milioni 2 ndio akiba yako, ziweke sehemu unayoweza kuzitoa ndani ya siku chache kama Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, basi. Kama akiba ipo na hela hii hauigusi kwa miaka mingi, hati fungani za Serikali, yaani unaikopesha Serikali, kupitia Benki Kuu zinaanzia milioni moja, riba inaingia kila baada ya miezi sita na za muda mrefu haikatwi kodi. Faida yake haina kelele ndio maana hakuna mtu anakutumia meseji usiku kukusifia.

Anayekutumia meseji usiku ni yule wa "weka laki mbili vuna laki sita". Tanzania tulishapita DECI, ule mchezo wa upatu wa kupanda na kuvuna hela, mwaka 2009, watu wakauza mpaka viwanja, na bado naona magrupu ya madaktari wakiitana kwenye vitu vile vile vilivyobadilishwa jina. Kusoma miaka mitano ya udaktari hakumkingi mtu na utapeli.

Mwenzangu wa wodi anaomba nimdhamini mkopo wa SACCOS.

Una uwezo wa kulipa deni lake lote wewe mwenyewe? Kama hauna, usisaini.

Mimi ni daktari tarajali, posho imechelewa. Kuna mtu ananipa laki 3 leo nirudishe laki 4 mwezi ujao, anataka kadi ya benki na namba ya siri. Kodi inanisubiri.

Pole sana mdogo wangu, na hasira yangu hapa sio kwako. Kijana anashinda wodini na analala huko huko halafu posho inachelewa, hilo viongozi walisikie kwanza. Ila kadi usitoe. Hiyo ni zaidi ya asilimia 33 kwa mwezi mmoja, wakati wakopeshaji wadogo wenye leseni ukomo wao ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Huyo ni kausha damu, mkopeshaji wa mtaani wa riba ya kinyonyaji. Akishika kadi, posho ikiingia yeye ndio anaitoa kabla yako, anabakiza unachobakiziwa, na mwezi unaofuata unarudi kwake. Nenda kwa mwenye nyumba leo, na kitambulisho chako cha hospitali, muombe muda kwa maandishi. Kama mko wengi wodini andikeni barua ya pamoja kwa mganga mfawidhi. Na msikimbilie zile programu za mikopo za kwenye simu, Benki Kuu ilitoa orodha ya 69 zisizo na kibali Novemba 2024 na mpya zinazaliwa kila siku, wanampigia mpaka mama yako.

Napiga pati taimu hospitali binafsi, wananidai... yaani nawadai miezi mitatu. Nifanyeje?

Una mkataba? Najua hauna, kila anayeniandikia hili hana. Anza na rekodi: tarehe za zamu, saa, meseji za kuitwa, kisha andika dai kwa barua ipokelewe na kugongwa muhuri. Na usiongeze hata zamu moja mpaka walipe. Ukiingia kwingine kubalianeni kwa maandishi kiasi, siku ya kulipwa na kodi nani anakata, maana ajira ya pili inakatwa asilimia 30 moja kwa moja na wengi wanapiga bajeti kwa hela ambayo haitafika. Uliza pia nani anabeba lawama mgonjwa akipata madhara saa nane usiku na wewe umetoka zamu nyingine. Bima ya kitaaluma ya kwako mwenyewe, ya kukulinda ukidaiwa na mgonjwa, ni muhimu kuliko hilo gari mnalolilia.

Nifungue duka la dawa nyumbani Tabora, mimi nipo Dar?

Nani atahesabu stoo? Dawa ina tarehe ya kuisha, ina kibali cha Baraza la Famasi, inataka mtu mwenye sifa kaunta muda wote, na muuzaji asiyekaguliwa ataingiza mzigo wake binafsi auze kwenye shelfu zako. Kama kuna ndugu mwenye taaluma hiyo aliye tayari kuweka na hela yake, kaeni mezani. Kama ni wewe na simu, usifungue. Na kwa wenye maduka jirani na hospitali wanazofanyia kazi: mgonjwa aandikiwe anachohitaji, akanunue anakotaka.