Maswali na Majibu: Mvuto wa Mgombea na Hesabu ya Kura

Swali: Mgombea wetu anazifahamu sera vizuri, lakini akipanda jukwaani watu wanasinzia. Je, ana mvuto wa kutosha kushinda?

Jibu: Swali hili hunifikia kila msimu wa kampeni, na kila mara muulizaji ameusahau uchaguzi wa rais wa Tanzania wa mwaka 1995. Augustino Mrema wa NCCR-Mageuzi alipendwa kiasi kwamba wafuasi walilisukuma gari lake kwa mikono. Benjamin Mkapa wa CCM, ambaye hakuwa hodari wa kuchangamsha umati, alipata takriban asilimia 62 ya kura, na Mrema asilimia 28. Mkapa alinadiwa na Mwalimu Nyerere, na nyuma yake kulikuwa na chama kilichoshuka hadi kwa balozi wa nyumba kumi, anayejua nani amejiandikisha na nani hajajiandikisha. Tuambie kwanza mgombea wako ana watu gani katika kila kata, ndipo tuijadili sauti yake.

Swali: Kwa hiyo mvuto hauna kazi?

Jibu: Sikusema hivyo. Jakaya Kikwete alikuwa nao mwaka 2005 akapata asilimia 80, ila chama kilikuwa kilekile.

Swali: Mkutano wetu ulijaa hadi barabara ikafungwa. Hiyo si dalili ya ushindi?

Jibu: Si dalili. Mwaka 2015 umati wa Edward Lowassa, mgombea wa upinzani, uliitwa mafuriko, naye akaishia karibu asilimia 40 dhidi ya 58 za John Magufuli wa CCM. Uwanjani huwamo watoto, waliofuata wasanii na waliosombwa kwa malori kutoka wilaya jirani, ambao hawamo kabisa katika daftari la wapiga kura la hapo. Wapinzani waliyakataa matokeo hayo, lakini Katiba ya Tanzania hairuhusu mahakama kuchunguza matokeo ya urais yakishatangazwa na Tume ya Uchaguzi, kwa hiyo chama kisicho na wakala makini katika kila kituo kisitarajie kuokolewa baadaye. Nawaonya pia kwamba mgombea anayekodi umati atataka kuzirudisha gharama zake akishaingia ofisini.

Swali: Je, utanashati unasaidia?

Jibu: Kwenye mabango.

Swali: Asiyejua kuhutubia afanyeje?

Jibu: Aungane na wanaojua. Mwaka 2002 Mwai Kibaki alipata ajali ya gari wiki chache kabla ya uchaguzi wa Kenya, akatibiwa London na kurejea akiwa katika kiti cha magurudumu, huku Raila Odinga, aliyekwisha kutamka "Kibaki Tosha", na wenzake wakiendelea kumwombea kura. Alishinda kwa takriban asilimia 62. Raila mwenyewe, ambaye kwa vitendawili tu aliweza kuuinua uwanja mzima, aligombea urais mara tano na hakutangazwa mshindi hata mara moja.