Kabla ya diazepamu, uliza kilichobadilika nyumbani

Wadogo zetu mlioanza zamu OPD (idara ya wagonjwa wa nje), faili zenu zinatutia wasiwasi. Mama analalamika kichwa, moyo kwenda mbio, usingizi hauji. Kipimo cha haraka cha malaria (mRDT) hasi, presha nzuri, anaondoka na panadol na diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi. Wiki mbili baadaye karudi, mnaongeza dozi. Safari ya tatu ndipo muuguzi anapomsikia akisema mumewe amehama nyumbani.

1. Anzeni hapa: "Mama, haya yalianza lini, na wakati huo nini kilibadilika?" Talaka, kuachishwa kazi, kuhamishwa kituo. Kwa DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, dalili za kushindwa kuzoea mabadiliko huanza ndani ya miezi 3 tangu tukio, na hazizidi miezi 6 baada ya tukio na athari zake kwisha. Ada ya watoto isiyolipwa ni athari inayoendelea, kwa hiyo msihesabu tangu siku mume alipofunga mizigo.

2. Kidonge. Hapa mnaumiza watu, jamani. Diazepamu humlaza siku chache. Mwili ukishaizoea, akiiacha ghafla usingizi hupotea kuliko mwanzo na wasiwasi hupanda, nanyi mnasoma kwamba ugonjwa umezidi. Hata mfiwa asiye na ugonjwa wa akili, WHO inasema asipewe. Amitriptilini, dawa ya sonona (ugonjwa wa huzuni nzito), inatutisha zaidi: mnaandika vidonge vya mwezi mzima kabla ya kuuliza kama ametamani kufa, na dawa hiyo ikizidi huvuruga mapigo ya moyo na kuua. Ulizeni waziwazi, ndugu wakiwa nje: "Watu wakibanwa hivi huweza kufikiria kujiua. Wewe je?" Swali halimpandikizii wazo. Akikubali, asiachwe peke yake hata dakika moja. Mwiteni daktari wa zamu.

3. Dalili 5 au zaidi za sonona kwa wiki 2, mojawapo ikiwa huzuni au kutofurahia chochote, hiyo ni sonona hata kama chanzo kinajulikana. "Ana matatizo ya nyumbani tu" si utambuzi.

4. Ulizeni pombe. Angalieni tezi ya shingo na wingi wa damu; navyo huweza kuleta dalili kama hizi.

5. Wekeni kalamu chini, kisha mchague naye tatizo moja linaloshikika. Kama ni matunzo ya watoto, mwandikieni barua ya ustawi wa jamii leo hii. Muulizeni nani anaweza kukaa naye usiku wiki hii, na aamke saa ileile kila siku. Arudi baada ya wiki 2, na mkimwona mlangoni, anzeni na ile barua kabla ya kufunga mashine ya presha.